Hiyo Meseji ya Tokeni ni Kitabu cha Historia

Kwa ploti yetu mimi ndiye huchangisha pesa za stima. Nyumba nane, mita moja. Kila mtu ananitumia zake kwa simu, nanunua tokeni, naenda kuzipiga kwa mita pale chini ya ngazi, maisha yanaendelea. Hakuna mtu alinipa hiyo kazi rasmi. Ilinipata tu kwa sababu mimi ndiye kijana, na kijana ndiye hutumwa.

Shida ilianza siku nilinunulia shosho yangu tokeni za 500, halafu dakika hiyo hiyo nikanunulia ploti za 500. Shosho anaishi Murang'a. Ana mita yake mwenyewe, balbu tatu, redio na simu ya kuchaji, basi. Meseji mbili zikaingia zikifuatana. Mama Shiro wa nyumba namba tatu alikuwa amesimama hapo kando akingoja taa zirudi, macho kwa simu yangu. Pesa ni sawa. Yuniti si sawa. Shosho alikuwa ametuacha mbali.

"Kijana," Mama Shiro akaniambia pole pole, ile pole pole ya mtu ambaye ashaamua kesi, "kwani pesa zetu huwa zinaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Na ukweli ni kwamba ukishika pesa za watu wanane bila jibu, wewe tayari ni mwizi, imebaki tu kutangazwa. Kwa hivyo nikaanza kusoma. Nilidhani nitasoma mambo ya bei. Nikajipata ninasoma historia, kwa sababu kila kitu kinachokatwa kwa hizo 500 kiko na mwaka wake na sababu yake. Nikimaliza utaelewa kwa nini shosho anapata yuniti nyingi kuliko sisi, na kwa nini hiyo si bahati.

Ilianza kama biashara

Turudi 1908. Kwa simulizi ya Kenya Power yenyewe, mwaka huo mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, na hapo ndipo kampuni ya stima ya Mombasa ikaanzia. Mwaka huo huo injinia mmoja, Clement Hirtzel, akapewa kibali cha kipekee cha kusambaza stima Nairobi. Mwaka 1922 kampuni hizo mbili zikaungana zikawa East African Power and Lighting. Na hilo jina halikuwa la mapambo: mwaka 1932 ilichukua hisa za kuimiliki TANESCO kule Tanganyika, na 1936 ikaingia Uganda. Ni 1983 ndipo ikaitwa Kenya Power and Lighting, ile KPLC ambayo wazazi wetu bado wanaitamka kwa hasira.

Kitu cha kushika hapo ni hiki: stima haikuletwa kama huduma kwa raia. Ililetwa kama biashara ya mji, na nyaya zilifuata mtu mwenye kulipa. Ofisi, viwanda, hoteli, mitaa ya wakubwa. Mwaka 1954, bwawa la Owen Falls kule Jinja lilipofunguliwa, ikaundwa Kenya Power Company ili ijenge laini ya kuvuta stima kutoka Tororo hadi Nairobi. Fikiria hiyo laini. Inatoka mpakani, inapita juu ya mashamba na vijiji vya watu, na chini yake usiku watu wanawasha koroboi. Stima iliwapita juu ya kichwa kwenda mjini.

Hiyo picha iweke, kwa sababu makato mengi kwa hiyo meseji ni majaribio ya kurekebisha kitu kilichoanza hivyo. Mengine ni makosa yaliyofanywa wakati wa kurekebisha.

Asilimia 5 ya shosho

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mpango wa kupeleka stima mashambani. Pesa za kuuendesha zilitoka wapi? Sehemu moja ni mimi na wewe. Kwa bei ya kila yuniti unayonunua kuna asilimia 5 inakatwa kwa ajili ya stima ya mashambani. Sheria ya Kawi ya 2006 ikaunda mamlaka maalum ya hiyo kazi, na ile ya 2019 ikaibadilisha jina, siku hizi ni REREC.

Kwa miaka mingi kuunganishiwa kuligharimu 35,000. Shosho angeuza nini apate 35,000? Halafu mwaka 2015 mradi wa Last Mile ukaja, bei ikashuka hadi 15,000, na unaweza kulipa pole pole. Ndio shosho akapata balbu zake tatu. Mwaka 2013 Kenya Power ilikuwa na wateja karibu milioni 2.3. Kufikia 2023 walikuwa zaidi ya milioni 9. Hiyo ni miaka kumi tu.

Nilimwambia Mama Shiro kwamba hiyo asilimia 5 mimi siwezi kuilalamikia. Hiyo ndiyo deni la zile nyaya zilizopita juu ya vichwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hata mama yake kule Busia aliunganishiwa hivyo hivyo. Makato ya kwanza yakapita bila kesi.

Mwaka ambao mvua ilikataa

Baada ya uhuru nchi iliamua kutegemea maji. Kwenye mto Tana tukajenga bwawa baada ya bwawa: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Haya ndiyo watu huita Seven Forks. Stima ya maji ni nafuu, na mvua ikinyesha kila mtu ni mjanja.

Shida ni kwamba mto Tana hausomi mipango ya serikali. Miaka ya tisini wafadhili walifunga mfuko, pesa za kujenga mitambo mipya zikakauka, na mahitaji yakazidi kupanda. Mwaka 1997 kampuni za kibinafsi za kuzalisha stima zikaingia, Iberafrica na Westmont, zikitumia mafuta. Kisha ukaja ukame mkali. Mwaka 2000 nchi nzima ikawekwa kwa mgao wa stima, masaa kwa masaa, viwanda vikifunga na vinyozi wakikaa nje ya duka wakiangalia barabara. Serikali ikakodisha jenereta za dizeli za dharura.

Nani alilipia hiyo dizeli? Anayelipa ni mwenye balbu. Kampuni ya stima haibebi bei ya mafuta, inaipitisha moja kwa moja kwako. Hiyo ndiyo gharama ya mafuta, ambayo hubadilika kila mwezi na kuchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na mara nyingi ndiyo kato kubwa kuliko yote baada ya bei yenyewe ya stima.

Utauliza: si tulihama? Ndio, tulihama. Olkaria ilianza kutoa stima ya mvuke wa ardhini mwaka 1981, na leo mvuke peke yake hutupa karibu asilimia 40 ya stima yetu. Ukijumlisha mvuke, maji, upepo na jua, karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya haitokani na mafuta. Lakini jioni, saa ile kila mtu amefika nyumbani, amewasha TV na anapiga nguo pasi ya kesho, mitambo ya mafuta huwashwa ili itoshe. Wewe na mimi tunaanza kupika, bei nayo inapanda na mvuke wa sufuria.

Kuna kitu kingine kilizaliwa wakati ule wa haraka: mikataba. Mkataba wa kununua stima kwa kampuni ya kibinafsi kwa kawaida husema utalipia uwezo wa mtambo, uwashe usiwashe. Ni kama kukodi matatu ya kwenda harusi, halafu harusi iahirishwe: dereva bado anataka pesa zake, hata kama gari lilikaa tu hapo limeegeshwa. Mfano ambao kila mtu anaujua ni upepo wa Turkana. Mitambo 365, megawati 310, ilikuwa tayari 2017. Laini ya kuifikisha kwa gridi ikakamilika Septemba 2018. Katikati ya hapo upepo ulikuwa unavuma, mapanga hayana pa kupeleka stima, na bili ya kuchelewa inahesabika. Mambo ya mikataba yalichacha mpaka 2021 Rais Uhuru Kenyatta akaunda jopo la kuichunguza, likiongozwa na John Ngumi.

Dola kwa ngazi ya ploti

Hii ilinishangaza zaidi. Mama Shiro anauza mandazi kwa shilingi, ananilipa stima kwa shilingi, lakini ndani ya tokeni kuna dola. Mikopo iliyojenga mitambo mingi na mikataba mingi ya kununua stima imeandikwa kwa pesa za kigeni. Shilingi ikidhoofika, tofauti inahamishiwa kwako kama marekebisho ya ubadilishanaji wa fedha. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imerudi karibu 130. Hakuna mtu kwa ploti yetu amewahi kushika hiyo dola, lakini wote nane tuliilipia.

Ongeza marekebisho ya mfumuko wa bei. Ongeza senti kadhaa za EPRA, mamlaka inayopanga bei, na nyingine za kusimamia maji kwa sababu mabwawa yanatumia mito. Halafu VAT ya asilimia 16, ambayo haikatwi kwa bei ya stima peke yake. Inakatwa pia juu ya ile gharama ya mafuta na ile ya dola. Yaani mafuta yakipanda, ushuru nao unapanda nayo, bila bunge kuinua mkono.

Karatasi ilisema, meseji inanyamaza

Wazazi wetu walikuwa wanalipa bili. Mtu anakuja na kitabu, anachungulia mita, karatasi inafika mwisho wa mwezi. Na kulikuwa na vita: mita haikusomwa, imekadiriwa, umekatiwa. Lakini hiyo karatasi ilikuwa na kitu kizuri. Kila kato lilikuwa na mstari wake. Mafuta hapa, dola hapa, stima ya mashambani hapa, VAT hapa. Mtu angeweza kuisoma na kukasirika kwa mpangilio.

Mwaka 2009 majaribio ya mita za kulipia kabla yakaanza, na polepole zikaenea kila mahali. Tokeni ni tarakimu 20, mfumo uliobuniwa Afrika Kusini. Unakumbuka 2024 tukiambiwa tuingize tarakimu za ziada kusasisha mita? Mfumo huo huhesabu dakika kuanzia Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ingejaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haijasasishwa ingekataa tokeni mpya. Hata mita iko na historia yake.

Mita hizi zilimaliza vita vya makadirio. Lakini soma meseji yenyewe. Kuna yuniti. Kuna pesa ulizolipa. Kuna "TknAmt", hiyo ndiyo bei ya stima yenyewe. Halafu kuna "OtherCharges". Neno moja. Ukame, dizeli, Turkana, dola, shosho na VAT, wote wamefungiwa ndani ya neno moja. Karatasi ilikuwa inatueleza, meseji inatujumlishia.

Ngazi, na mtu aliyeteleza

Sasa tufike kwa kesi yangu. Hayo yote nimeeleza yanamkata shosho na yanatukata sisi. Mbona basi yeye anapata zaidi?

Kabla ya Agosti 2018, kila mtu wa nyumbani alinunua yuniti 50 za kwanza za mwezi kwa shilingi 2.50 kila moja. Ukizidi hapo, zile za juu ndizo zilikuwa 12.75. Tajiri alipata zile 50 nafuu, maskini naye akazipata. Ubaya ulikuwa ada ya shilingi 150 kila mwezi, utumie usitumie. Mtu wa balbu moja akinunua tokeni za 200 mwanzo wa mwezi, alibaki akikodolea macho simu.

Agosti 2018 ile 150 ikaondolewa. Watu wakashangilia. Lakini na zile yuniti 50 nafuu za kila mtu zikaondoka nayo. Badala yake ukaja mfumo wa madaraja: ukiwa mtumiaji mdogo, yuniti zako zote ni bei ya chini, ukivuka mpaka, yuniti zako zote ni bei ya juu. Si zile zilizozidi peke yake. Zote. Mpaka wa kwanza ulikuwa yuniti 10 tu kwa mwezi, kelele ikapigwa, na kufikia Novemba mwaka huo ukasogezwa hadi 100 kwa shilingi 10. Januari 2022 bei ikapunguzwa asilimia 15, daraja la chini likafika 7.70. Halafu Aprili 2023 mpaka ukarudishwa chini hadi yuniti 30, na madaraja yakawa matatu: hadi 30 ni shilingi 12.22, zaidi ya 30 hadi 100 ni 16.30, zaidi ya 100 ni 20.97. Tangu hapo bei zimesonga kidogo, lakini ngazi ni ile ile. Daraja lako hupimwa kwa wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu iliyopita.

Piga hesabu na hizo bei za Aprili 2023. Yuniti 30 ni shilingi 366.60. Yuniti 31 ni 505.30. Yuniti moja ya ziada imekugharimu karibu 139, na bado hatujaweka mafuta, dola na VAT.

Sasa angalia ploti yetu. Nyumba nane. Tuseme kila nyumba inatumia yuniti 25 kwa mwezi: balbu, TV ndogo, simu. Kila mmoja wetu peke yake ni mtumiaji mdogo kabisa, wa daraja la shosho. Lakini mita haijui kuna nyumba nane. Mita inaona mteja mmoja anayetumia yuniti 200, inadhani ni bwana mkubwa mwenye friji mbili na hita ya kuoga. Kwa hivyo tuko daraja la juu, sote. Mama Shiro angekuwa na mita yake, yuniti zake 25 zingekuwa 305.50. Kwa mita ya pamoja ni 524.25. Tofauti ni 218.75 kila mwezi kwa mwanamke anayeuza mandazi, kabla ya makato mengine.

Hilo ndilo jibu langu, na ndilo linaniuma. Bei nafuu ya maskini ipo kweli, imeandikwa, ina nia njema. Lakini ilipangwa kwa kuhesabu mita, si watu. Na mjini ni nani hugawana mita? Si mtu wa nyumba ya maua getini. Ni sisi wa chumba kimoja. Zamani, kwa ule mfumo wa 2.50, bado tulikuwa tunagawana zile 50 za kwanza, angalau. Baada ya 2018 hatugawani chochote. Tuliteleza kwa ngazi na hakuna mtu alisikia.

Kikao cha chini ya ngazi

Jumapili nilizileta hizi hesabu nimeziandika kwa karatasi, nikazibandika juu ya mita. Nilisoma kwa sauti, nikaonyesha meseji zote tangu Januari. Baba Kevo akauliza maswali mengi kuliko korti. Mwisho Mama Shiro akaisoma tena ile karatasi yeye mwenyewe, kidole kikifuata mistari.

"Basi si wewe unakula," akasema. "Ni mita inakula."

Nilicheka, lakini nilipumua pia.

Tumekubaliana mambo mawili. La kwanza, tutamwendea mwenye nyumba sote nane pamoja, tukiwa na hiyo karatasi, tuulize kuhusu mita za kila nyumba. Najua atasema ni gharama. Tutamwonyesha sisi tunalipa gharama tayari. La pili, bei za stima hupangwa upya kila baada ya miaka mitatu, na kabla zibadilike EPRA huitisha vikao vya umma. Vikao hivyo huenda watu wa viwanda wakiwa na mawakili wao. Mtu wa ploti ya nyumba nane huwa haonekani, na ndiyo maana ngazi iliwekwa bila yeye. Safari hii nitaenda. Mama Shiro amesema atafunga meza ya mandazi saa nne aje pia, na mimi namjua, huyo akishika maikrofoni haiachi.

Leo asubuhi nimenunulia shosho tokeni tena. Akanipigia kuuliza mbona nimesoma meseji kwa muda mrefu kabla ya kumtumia. Nikamwambia, shosho, nilikuwa nasoma historia. Akasema nisome haraka, taa zimezima na anataka kusikia habari za saa moja.